Kamari na hesabu zake: kwa nini mwenye meza hashindwi

Leo sitazungumzia presha wala kisukari. Nataka tuzungumzie kamari, na hasa hesabu zilizomo ndani yake: karata za poker, dado, mashine za kamari, bahati nasibu na mikeka ya mpira.

Najua wapo watakaouliza, muuguzi na kamari wapi na wapi? Jibu ni kwamba kamari imeshaingia kwenye vitabu vyetu. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiweka kamari iliyokithiri kwenye kundi moja na ulevi wa pombe na madawa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, nayo inaitambua. Hapa Uingereza, Januari 2025 taasisi ya NICE inayotupangia miongozo ya matibabu ilitoa mwongozo unaotutaka tuwaulize wagonjwa kuhusu kamari pale tunapowauliza kuhusu sigara na pombe. Kwa hiyo ukienda kwa daktari wako ukaulizwa swali hilo, usione umetukanwa.

Mimi nilisomea uuguzi nyumbani Tanzania, nikaja kusoma tena huku. Watu wetu niliowaona wamekwama kwenye kamari si wajinga. Mmoja alikuwa mtunza hesabu. Wengine ndio waliokuwa wakishika fedha za mchezo wa akina mama au michango ya misiba, kwa sababu waliaminika. Walichokosa ni hesabu chache za uwezekano ambazo shuleni kwetu zilipitiwa haraka haraka mwishoni mwa muhula, au hazikufundishwa kabisa. Na wewe ambaye dini yako inakukataza na hujawahi kugusa karata, naomba usome pia, maana huenda aliye chumba cha pili anacheza kwenye simu usiku kucha na wewe unadhani anaongea na ndugu zake nyumbani.

SARAFU HAINA KUMBUKUMBU

Tuanze na shilingi. Ukiirusha juu, kichwa au mwenge, kila upande una nafasi moja kati ya mbili. Ukirusha mara tano, nafasi ya kupata kichwa mara zote tano ni nusu ya nusu ya nusu ya nusu ya nusu, yaani 1 kati ya 32. Hapo wote tunaelewana.

Sasa sikiliza swali hili. Umeshapata kichwa mara nne mfululizo. Je, mara ya tano mwenge una nafasi kubwa zaidi? Watu wengi husema ndiyo, maana "zamu yake imefika". Hapana. Ni nusu kwa nusu kama mara ya kwanza. Ile 1 kati ya 32 ilikuwa ni kabla hujaanza kurusha. Mara nne zikishapita zimeshapita, na shilingi haijui kwamba imeangukia kichwa.

Kosa hili dogo ndilo linalokula fedha nyingi kuliko yote. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, kijimpira cha ruleti kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walijazana kwenye meza ile wakimwaga fedha kwenye nyekundu, kila mmoja akiamini kwamba safari hii lazima. Kasino ilikusanya mamilioni ya faranga. Ruleti haikuharibika wala hapakuwa na wizi.

Nikifika hapa huwa nawapa watu zoezi. Chukua dado mbili, ukae mezani na watoto, mrushe mara 60 na mwandike jumla kila mara. Mtaona 7 inatoka mara nyingi kuliko 2 au 12. Sababu ni kwamba 7 ina njia sita za kutokea (1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, na kinyume chake) kati ya njia 36, wakati 12 ina njia moja tu. Hakuna namba yenye nyota. Ni kuhesabu njia tu.

Na kama unadhani kuhesabu ni jambo la kudharau, aliyekuwa wa kwanza kuandika kitabu kizima juu ya jambo hili alikuwa daktari mwenzetu wa tiba, Gerolamo Cardano wa Italia, aliyefariki mwaka 1576. Alikuwa mcheza kamari sugu, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1663 wakati yeye yuko kaburini. Kisha mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua kuhusu maswali ya kamari aliyoyaleta bwana mkubwa mmoja aliyeitwa de Méré. Bwana huyo aliona kwamba ukirusha dado moja mara nne, kupata sita walau mara moja ni faida kidogo kwake (karibu 52 kwa 100). Lakini ukirusha dado mbili mara 24, kupata sita mbili kwa pamoja ni hasara kidogo (49 kwa 100). Tofauti ya kutoka 52 hadi 49 ni ndogo mno kuionea kwa macho, lakini mwenye upande wa 52, akicheza usiku mzima kila usiku, anajenga nyumba.

HASARA ILIYOPANGWA

Hapo ndipo penye siri ya kamari zote za kibiashara. Kampuni haihitaji kukuibia. Inahitaji kulipa pungufu kidogo tu ya kile ambacho hesabu inasema, halafu isubiri.

Ruleti ya Ulaya ina vyumba 37, namba 1 mpaka 36 pamoja na sifuri. Ukiweka pauni 1 kwenye namba moja na ikatoka, unalipwa pauni 35 juu ya pauni yako. Kama malipo yangekuwa ya haki ungelipwa 36. Hiyo pauni moja iliyobaki ndiyo mshahara wa kasino. Ukigawa, inatoka asilimia 2.7 ya kila dau, uweke kwenye namba, rangi, shufwa au witiri, ni ile ile.

Asilimia 2.7 haiogopeshi, sivyo? Basi angalia mwendo. Zile mashine za ruleti zilizokuwa kwenye maduka ya kubeti ya Uingereza ziliruhusu dau la hadi pauni 100 kila sekunde 20, mpaka serikali ilipolishusha hadi pauni 2 mwezi Aprili 2019. Sekunde 20 maana yake ni mizunguko 180 kwa saa. Pauni 100 mara 180 ni pauni 18,000 zinazopita kwenye mashine, na asilimia 2.7 yake ni pauni 486 kwa saa. Hiyo ni wastani. Kuna saa utatoka na faida, kuna saa utatoka bila nauli. Ila mashine inajua wastani wake, na maduka hayo yalipangwa kwenye mitaa yetu ya watu wa kipato cha chini, mlango kwa mlango.

Kuna kaka mmoja, mlinzi wa usiku, aliyenieleza kwa kujiamini kabisa kwamba amegundua njia. Anaweka pauni 5 kwenye nyekundu. Akipoteza anaweka 10, kisha 20, kisha 40, akisema siku zote itafika nyekundu na atarudisha zote pamoja na faida ya pauni 5. Njia hii ni ya zamani sana na kila kizazi kinadhani kimeigundua. Nilichukua karatasi tukahesabu pamoja. Ukipoteza mara saba mfululizo umeshatoa 5, 10, 20, 40, 80, 160 na 320, jumla pauni 635, na dau linalofuata ni pauni 640 kwa ajili ya kupata faida ya pauni 5. Alikuwa na pauni 640? Hakuwa nazo. Na kupoteza mara saba mfululizo si jambo la ajabu, ni kama mara 1 kati ya 106. Kwa hiyo mara 105 atapata vijipauni vitano vitano, jumla 525, na mara moja atapoteza 635. Hapo bado pauni 110 ziko upande wa kasino. Njia ile haiondoi hasara. Inaikusanya tu na kuificha mpaka siku yake, na kwa yule kaka siku yake iliangukia mwisho wa mwezi, kodi ya nyumba ikiwa mfukoni.

MASHINE ZA VITUFE NA MICHEZO YA SIMU

Hizi ndizo ninazoziogopa zaidi kama muuguzi. Mashine huandikwa kiwango inachorudisha, tuseme asilimia 94. Wengi wanaelewa kwamba ukiingiza pauni 100 utarudishiwa 94. Siyo hivyo. Ni asilimia 94 ya kila unachozungusha, na kile ulichoshinda unakizungusha tena na tena. Mtu anayebonyeza pauni 1 mara 10 kwa dakika anazungusha pauni 600 kwa saa, hata kama aliingia na pauni 40 tu mfukoni. Asilimia 6 ya 600 ni pauni 36. Zile 40 zinakwisha kama barafu kwenye jua, na mwenyewe anasema "lakini nilikuwa nashinda shinda!"

Ni kweli alikuwa anashinda shinda. Ameweka pauni 1, mashine ikapiga muziki na kuwasha taa, ikampa senti 40. Hiyo ni hasara ya senti 60 iliyovalishwa nguo za harusi. Kwenye michezo ya mtandaoni hapa Uingereza kusherehekea hasara namna hiyo kulipigwa marufuku Oktoba 2021, na mwaka 2025 dau la mashine za mtandaoni likawekewa kikomo, pauni 5 kwa mzunguko, na pauni 2 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24. Ni hatua nzuri, ila pauni 5 mara nyingi bado ni nyingi.

Halafu kuna kule kukosa kidogo. Picha mbili zimelingana, ya tatu imepita kwa unywele. Watafiti wa Cambridge walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa picha za ubongo ulioonyesha kwamba kukosa kidogo huamsha sehemu za ubongo zile zile zinazoamshwa na kushinda, na humfanya mtu atake kuendelea, ingawa mwenyewe anasema haikumfurahisha. Kwa mashine, kukosa kidogo na kukosa sana ni kitu kimoja. Ubongo ndio unaoona tofauti.

BAHATI NASIBU NA MKEKA

Bahati nasibu ya taifa ya Uingereza ilipoanza Novemba 1994 ulichagua namba 6 kati ya 49, na nafasi ya kupata zote ilikuwa 1 kati ya 13,983,816. Oktoba 2015 namba zikaongezwa kuwa 59. Namba kumi tu zaidi, lakini nafasi ikawa 1 kati ya 45,057,474. Ukinunua tiketi moja kila Jumatano na kila Jumamosi, ungehitaji kwa wastani zaidi ya miaka 433,000.

Kila siku kazini namwona mgonjwa anayekataa dawa kwa kuwa karatasi imesema mtu 1 kati ya 1,000 hupata madhara fulani. "Dada, bahati yangu mimi naijua, nitakuwa ni mimi huyo huyo." Na mfukoni ana tiketi ya 1 kati ya milioni 45, na hapo nako anaamini atakuwa ni yeye! Sicheki. Binadamu wote tuko hivyo. Ila ndiyo maana tunahesabu.

Mkeka wa mpira una mtego wake. Chukulia mechi ambazo timu zote mbili zina nguvu sawa, na tuache sare pembeni. Malipo ya haki ni kurudishiwa mara 2 ya dau lako, kampuni inakupa mara 1.90. Kwa mechi moja unaona ni kitu kidogo. Unganisha mechi nane: nafasi ya kupatia zote ni 1 kati ya 256, kwa hiyo haki yako kwa pauni 1 ni pauni 256. Ukizidisha 1.90 mara nane unapata karibu 170. Theluthi nzima imeshaondoka. Ndiyo maana matangazo yanakuhimiza uongeze timu. Na ule usemi wa "timu moja tu ndiyo iliyonichania mkeka" nao una hesabu: kukosa timu moja kati ya nane hutokea mara nane zaidi ya kupatia zote. Kila aliyekosa kwa timu moja anajiona alikuwa mlangoni, kumbe mlango ule umejaa watu.

(Kuhusu wale jamaa wa karata tatu wa kwenye stendi na minadani kule nyumbani, hapo usitafute uwezekano. Karata unayoitafuta unaweza usiikute kabisa, na wale wanaoshinda mbele yako ni wenzake. Huo ni wizi wa kawaida.)

POKER, WANAYOSEMA NI AKILI TUPU

Vijana wetu wengi, hasa waliosoma, hudharau mashine na kusema wao wanacheza poker, mchezo wa akili. Wana hoja. Kwenye poker huchezi na kasino, unacheza na wenzako, na anayejua hesabu kweli anamzidi asiyejua. Basi tuzijue.

Karata ziko 52. Ukigawiwa tano kuna mikono 2,598,960 inayowezekana. Nusu ya mikono hiyo haina kitu. Karibu 42 kwa 100 ina jozi moja. Jozi mbili ni mara 1 kati ya 21, tatu za namna moja 1 kati ya 47, tano zinazofuatana 1 kati ya 255, tano za aina moja, mfano kopa tupu, 1 kati ya 509. Karata nne za namba moja, 1 kati ya 4,165. Ule mkono mkubwa kuliko yote, kutoka kumi mpaka ree za aina moja, ni 1 kati ya 649,740. Ngazi ya mikono imepangwa kufuata uhaba huu huu, kinachopatikana kwa nadra ndicho kinachoshinda.

Katika poker inayochezwa zaidi siku hizi, ya Texas, unapewa karata mbili zako na tano zinafunuliwa mezani. Kupata ree mbili ni mara 1 kati ya 221. Hii haina maana kwamba ukicheza mikono 221 lazima uzipate. Zaidi ya theluthi ya wachezaji watamaliza mikono 221 bila kuziona. Na ukizipata, dhidi ya mpinzani mmoja utashinda kama mara 85 kwa 100, lakini wakibaki wapinzani watano mpaka karata ya mwisho utashinda karibu nusu tu. Anayelia "nilikuwa na ree mbili nikapigwa!" hakuonewa.

Hesabu inayofaa kuijua ni ya bei. Tuseme una kopa nne, imebaki karata moja kufunuliwa. Kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 46 usizoziona, kama asilimia 20. Mezani kuna pauni 40, mpinzani anaongeza 20, nawe unatakiwa ulipe 20 ili ugombee 60. Kwa bei hiyo unahitaji kushinda mara 1 kati ya 4, asilimia 25. Una 20. Unatupa karata, basi. Kama mezani palikuwa na pauni 80, ungelipa 20 kugombea 100, unahitaji kama asilimia 17, hapo kulipa ni sawa. Mchezaji mzuri anafanya hesabu hii hata akiwa na hasira, na hasira ndiyo inayowamaliza wengi saa tisa za usiku baada ya zamu ya kazi.

Wapo wanaotumia programu zinazohesabu tabia za wapinzani, kwa mfano mtu fulani huingia kwenye asilimia ngapi ya mikono. Ni takwimu nzuri kama zina watu wengi nyuma yake, kama tunavyosema hospitalini. Ukimwona mtu kwa mikono 20 akaingia mara 6, ni asilimia 30, lakini ukweli wake unaweza kuwa popote kati ya 10 na 50. Ukifika mikono 1,000 unaweza kusema yuko kati ya 27 na 33. Hali ni hiyo hiyo kwa faida yako mwenyewe: mwezi mmoja wa kushinda hauthibitishi chochote. Kijana anashinda wiki tatu, anaandika barua ya kuacha kazi.

Kisha kuna mwenye meza. Chukulia watu sita, kila mmoja na pauni 50, jumla 300. Kasino inakata asilimia 5 ya kila mkono. Mikono 25 kwa saa, kila mmoja wastani pauni 20, inakata pauni 25 kwa saa. Saa sita zikipita pauni 150 zimeondoka, nusu ya fedha zote za meza ile. Haitoshi kuwa mzuri kuliko wenzako, lazima uwe mzuri kuliko wenzako na makato. Hapo linganisha na mchezo wetu wa upatu ambao wageni hudhani ni kamari: watu kumi mnachanga, kila mwezi anapokea mmoja, mwisho kila mtu amepata kile alichotoa. Hakuna anayekata.

DAWA ZINAZOLETA KAMARI

Sehemu hii nawaomba muwasomee wazazi wenu. Kuna dawa ambazo kwa baadhi ya watu huamsha hamu ya kamari isiyozuilika, hata kwa mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kucheza. Zinazojulikana zaidi ni pramipexole na ropinirole, wanazopewa wagonjwa wa Parkinson, yaani ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, na pia wenye miguu isiyotulia usiku. Aripiprazole, dawa ya magonjwa ya akili, nayo imo. Zote zinagusa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na kuridhika. Wengine hawaendi kwenye kamari, wanakuwa wanunuzi wa vitu ovyo, walaji kupita kiasi au hamu ya tendo la ndoa inapanda.

Mzee wa miaka 70, mtu wa swala tano, anaanza kukwangua tikiti za bahati nasibu chooni, na familia inadhani amerogwa au amezeeka vibaya. Angalieni kwanza kasha lake la dawa. Tafadhali msizisimamishe ghafla nyumbani, kwani kuacha ghafla kuna madhara yake mazito. Mpigieni daktari au muuguzi wa Parkinson na mseme wazi kilichotokea. Mara nyingi dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, hamu ile inaondoka.

UTAJUAJE, NA UFANYE NINI

Kuna maswali mawili mafupi tunayoyatumia. Je, umewahi kuona unahitaji kuweka dau kubwa zaidi na zaidi? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Jibu la ndiyo, hata kwa moja, linatosha kufanya mtu azungumze na mtaalamu. Mimi huongeza la tatu: je, unacheza ili kurudisha kilichopotea? Maana kwa hesabu tulizoziona, kila dau la kurudisha lina hasara yake mpya ndani yake.

Nyumbani utaona barua za benki zinafichwa, simu inalazwa kifudifudi, anakopa kwa watu tofauti kwa sababu tofauti, halali, ana hasira bila sababu, fedha za kutuma kwa mama zinachelewa na kila mwezi kuna hadithi mpya. Dada yangu, kaka yangu, usianze kwa kulipa deni. Deni likilipwa na njia ya kucheza ikabaki wazi, umemwongezea mtaji.

Funga njia kwanza. Benki nyingi za hapa zina kizuizi cha kamari kwenye kadi, unakiwasha ndani ya programu ya simu au kwa kupiga benki. GAMSTOP humfungia mtu kampuni zote za mtandaoni zenye leseni Uingereza, kwa miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na ni bure. Haifungi maduka ya mtaani, huko kuna utaratibu wake wa kujiandikisha usiruhusiwe kuingia. Kamari kwa kadi ya mkopo imekatazwa Uingereza tangu Aprili 2020, kwa hiyo ukiona kampuni inaipokea ujue iko nje ya sheria.

Kwa matibabu, NHS ina kliniki za kamari sehemu mbalimbali za England. Ya kwanza ilifunguliwa London mwaka 2008. Si lazima upitie kwa GP, unaweza kujipeleka mwenyewe. Tiba kubwa ni mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea, na kwa baadhi kuna dawa. Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili, hulipii. Na kama unaogopa mkalimani atakuwa mtu wa jumuiya yetu anayekufahamu, sema unataka wa kwa simu na kutoka mji mwingine. Una haki ya kuomba hivyo, na siri yako inalindwa na sheria. Mahesabu niliyoyaeleza ni yale yale popote ulipo, lakini ninyi wa Marekani, Ghuba na kwingineko anzeni na daktari wenu, kwani huduma zinatofautiana.

La mwisho ni gumu, ila lazima niliseme. Mtu mwenye madeni ya kamari yuko kwenye hatari kubwa ya kujiua, zaidi ile wiki siri yake inapofichuka. Muulize waziwazi, "Je, unafikiria kujitoa uhai?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Samaritans wanapokea simu mchana na usiku kwa namba 116 123, bure, na kama hatari iko pale pale piga 999.